Barua Mbili za Profesa

Barua ya kumsifu aliiandika mwenyewe, na alipofika aya ya tatu machozi yakamlengalenga.

Ndiyo ilikuwa desturi ya idara ile ya uchumi wa kilimo. Mwanafunzi akihitaji barua ya Profesa, Profesa humwambia, "Andika, nitasaini." Kwa miaka minne kijana huyu, msaidizi wa Profesa, ambaye wenzake walimwita Profesa Mdogo, alikuwa amewaandikia barua nusu ya wanafunzi wa uzamili. Tena alisahihisha mitihani ya Profesa, akafundisha vipindi vya Profesa, akachambua takwimu ambazo Profesa alipanda nazo ndege kwenda kuzisoma kwenye makongamano. Jina la utani lilimkaa vizuri. Cheo ndicho kilichomkimbia.

Sasa ilikuwa zamu yake. Taasisi inayoishauri serikali kuhusu sera za mazao ilikuwa imetangaza nafasi moja, moja tu: miezi kumi na minane ya mafunzo ya kazi, kisha ajira ya kudumu. Huko ndiko bei ya mahindi inakopangwa. Mama yake alikuwa akilima mahindi tangu kabla hajaolewa, na kila msimu bei ilimfikia kwa redio, kwa sauti ya mtu ambaye kiganja chake hakijui jembe. Kijana alimwapia kwamba safari hii mtoto wa jembe ataketi kwenye meza ile. Mama akaamini, akawatangazia majirani kabla hata fomu haijajazwa.

Kwa hiyo hakujibania. Aliandika kwamba huyu ndiye anayeishikilia idara isianguke. Kwamba Profesa hajaona kichwa kama hicho kwa miaka thelathini. Kwamba kijana huyu alipolazwa wiki mbili kwa malaria, matokeo ya chuo yalichelewa mwezi mzima. Na hayo yote, uchungu wenyewe ndio huo, yalikuwa kweli tupu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Ilibidi ajiambie mwenyewe, kwa jina la mtu mwingine.

Hajakauka macho, mlango ukagongwa. Aliyeingia ni Dada Vitunguu. Jina hilo alilipata kwa utafiti wake: miaka miwili alizunguka masokoni akipima magunia ya vitunguu, akithibitisha jinsi wanunuzi wanavyowapunja wakulima kwa kushindilia gunia moja hadi linabeba ujazo wa mawili kwa bei ya moja. Sokoni pa mwisho alifukuzwa kwa fimbo. Naye aliomba nafasi ileile, na Profesa alikuwa amemwambia amwachie msaidizi karatasi zake.

"Kaka, usinizike," akasema akicheka. "Najua na wewe umeomba."

"Mimi napiga chapa tu, mdogo wangu. Maneno ni ya Profesa."

"Hayo maneno ameyapata wapi, na wiki nzima hayupo?"

Wakacheka wote, yeye kwa meno tu. Dada Vitunguu aliomba jambo moja: itajwe ile mizani aliyoibeba mgongoni masoko kumi na moja. Kijana akaahidi.

Alipotoka, kijana alizisoma karatasi zake zote. Kazi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yake, kwa sababu takwimu zake yeye alizipata akiwa ameketi, na za binti huyu zilikuwa na vumbi. Akaketi kuandika barua ya binti.

Uongo hakuandika; uongo hukamatwa. Alimsifu kwa zile sifa anazopewa mtu asiye na sifa. Ni mwanafunzi mtulivu. Hufika kwa wakati. Hana kesi ya nidhamu. Idara ilimpokea vizuri, na akipata pengine pa kwenda itamuaga vizuri. Mizani hakuigusa. Barua nzima haikufika nusu ukurasa, na ukiisoma unapiga miayo.

Profesa alisaini zote mbili akiwa amesimama, simu sikioni. Hakusoma hata mstari.

Zikapita wiki sita. Siku moja Dada Vitunguu alimsimamisha kwenye ngazi, akamuuliza kama mizani ilipata nafasi. Alimjibu kwamba kila kitu kimo. Dada akamshukuru, akamwombea maisha marefu. Dua ile ilimchoma siku mbili. Siku ya tatu ikapoa.

Jibu lilikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa jina la Profesa. Mzee alikuwa anafunga mkoba wa safari, miwani ameshaitia ndani. Akamsukumia kijana bahasha.

"Nisomee."

Kijana akasoma akiwa wima. Taasisi ilishukuru kwa barua mbili za ukweli, kitu ambacho, walisema, siku hizi ni adimu. Walisema katika waombaji mia moja na arobaini, hakuna aliyesifiwa kama kijana huyu, wala aliyemkaribia kwa alama. Hapo akapandisha sauti. Alimwona mama yake akiinua kichwa shambani.

Profesa aliacha zipu nusu. "Kumbe. Hongera, kijana wangu. Endelea."

Kijana akaendelea.

"Kwa sababu hiyohiyo, Profesa, tumeona haya kukunyang'anya mtu unayemtegemea kiasi hicho. Nafasi tumempa yule dada mtulivu, ambaye barua yako imetuonyesha kwamba huna shida kumwacha aende."