Panya Siniani

Siku hizo sheria ilitaka kila nyumba kula pamoja na ndugu wa karibu. Mti wa ukoo wa viumbe ulikwisha kuchorwa kwa vinasaba, na panya alionekana yu karibu na mtu kuliko mbuzi. Basi panya alikula siniani, na mbuzi akabaki kitoweo.

Bi Mwantumu alisafiri siku mbili kumfuata bintiye Salha, aliyekaribia kujifungua. Alipomwona panya mnene amekalia wali, mkia kwenye mchuzi, alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Mtoe mchafu huyu! Kinyaa gani hiki, mwanangu?"

"Mama, taratibu. Asiyekula na ndugu haruhusiwi kulala humu, hata awe mzazi. Wenye sheria watakuondoa, nami nitazaa peke yangu."

"Nile mate ya panya?"

"Wali wenyewe mwingi, mama. Mate utayaona wapi?"

Panya akaacha kutafuna. Kwa vidole vilivyolowa akalisogeza pande lake la nyama mbele ya mgeni.

"Huyoo, kakukaribisha!" Salha akafurahi.

Bi Mwantumu akalitazama tumbo la bintiye, akafumba macho, akala. Nyama ilikuwa na joto la kinywa. Akaimeza, na kwa aibu akausikia ulimi wake ukitaka nyingine.