Nakala Saba za Mchwa

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanapenda kuulizana mambo, Mchwa alipima mvua ya kila masika na kuiandika kwenye majani makavu. Kwa maandishi yake, wote walijua siku ya kuhama bondeni kabla mto haujafurika.

Mchwa alikuwa mwangalifu mno. Kila jani alilinakili mara saba, na nakala zote saba akazipanga ndani ya kichuguu kimoja.

"Bwana Mchwa," ndege Chiku akamwambia, "nipe nakala moja nikaiweke mlimani."

"Nikupe wewe, kidomodomo? Utaichafua!"

"Basi nisomee tu."

Mchwa akamsomea yote ili aondoke. Chiku akaruka hadi mlimani akawafundisha makinda wake, na makinda wakawafundisha majirani.

Masika yalipokaribia, akapita Muhanga, mla mchwa, na njaa yake. Alikifukua kichuguu chote hadi chini, majani yakapeperuka. Mchwa aliponea chupuchupu, lakini nakala saba zilipotea kwa siku moja.

Akapanda mlima siku tatu. Huko akamkuta kinda mmoja akiimba mvua za miaka thelathini, moja baada ya nyingine.

"Tafadhali, mwalimu," Mchwa akasema, akaketi chini. "Anza upya. Polepole, ninaandika."

Wanyama wakahama kwa wakati.

Siku hizi kila mmoja hulificha jani lake. Zamani elimu ilikuwa na nyumba nyingi, na hata mwenye nayo hakuona haya kupiga hodi.