Birika Mlangoni

Mkaguzi wa kodi ya joto alibisha hodi bila taarifa, siku ya sita tangu makazi yote ya Mirihi yazime majiko. Kila nyumba ilikuwa imetundika birika nje ya mlango, ili majirani waone kwamba hapo hapachemshwi kitu mpaka serikali ya Duniani ifute kodi hiyo.

"Karibu, kaka. Ila chai hakuna," alisema Tusekile, akiwa amempakata mwanawe Lusajo aliyekuwa akikohoa.

Mgeni aliketi mkekani, meno yakigongana. Alimtazama mtoto, kisha jiko.

"Washa kidogo, dada. Nitazima kipimo changu cha joto. Duniani hawatajua."

Tusekile aliitazama swichi. Lusajo akakohoa tena.

"Mama Atupele hapo jirani ana mapacha wachanga," alisema hatimaye. "Tuliahidiana. Nimechungulia sasa hivi, birika lake bado liko mlangoni."

 Mkaguzi alivua koti lake, akamfunika mtoto, wakakaa watatu wamebanana.

Baada ya muda kipimo kililia mfukoni mwake. Joto la chumba lilikuwa limepanda digrii moja.

"Kwani jiko si limezimwa?" Tusekile aliuliza.

"Limezimwa. Hili ni joto la miili yetu." Alikigeuzageuza kipimo kama mtu aliyekiona leo kwa mara ya kwanza. "Sijui kama nalo linalipiwa kodi."

"Si uwaulize hao wa Duniani?"

"Nikiwauliza, watajibu."

Tusekile alimkumbatia Lusajo kwa nguvu zaidi. Birika likabaki mlangoni.