Magimbi ya Nyuma ya Tangi

Bustani ilikuwa moja, tena ndogo, lakini hewa yake haikuwa moja. Mjusi aliishi ukutani, jua likimwakia kutwa, na nyanya zake zilizaa hadi matawi yakainama. Chura aliishi peke yake nyuma ya tangi la maji, penye kivuli na matone yasiyokatika. Hakuna aliyempigia hodi.

"Jirani, karibu kwangu," Chura alimwita Mjusi.

"Nije nile nini? Wadudu wamejaa kwenye nyanya. Panda nyanya, nitakuja."

Chura akapanda. Miche ikarefuka, ikapauka, ikaoza. Akapanda tena, ikaoza tena. Na kila asubuhi aling'oa magimbi yaliyojiotea pale, majani mapana kama ungo, kwa sababu kwa Mjusi hayakuwepo naye aliyaonea aibu.

Kiangazi kikaja kikali. Ukuta ukawa kikaango, nyanya zikakauka, wadudu wakahama kutafuta majani mabichi. Mjusi akaja mbio nyuma ya tangi, mbavu zikihesabika.

"Hodi, jirani! Yako wapi yale magimbi? Nilikuwa nayaona kutoka ukutani. Wadudu wangekimbilia hapa, nami ningehamia kwako mpaka mvua zinyeshe."

"Nimeyang'oa."

"Kwa nini?"

"Ili uje."

Mjusi akautazama udongo mtupu, kisha akaruka uzio wa bustani kuwafuata wadudu.

Asubuhi jani dogo la gimbi likachomoza kwenye tope. Chura hakuling'oa. Alisogea, akakaa kando yake.