Tarehe ya Kutoka

Fundi Viatu alirudisha kitabu cha nne bila kukifungua. Sajini aliona, maana kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka kiwandani. Mfungwa hakuomba kingine. Aliuliza lile lile la wiki iliyopita.

"Afande, yule binti anakuja tena lini?"

"Unamtakia nini?"

"Nauliza tu. Anakaa wapi? Ana ndugu?"

Damu ilimchemka Sajini. Nyumbani alikuwa na binti wa umri ule ule, na miaka thelathini ya kuzunguka na funguo ilimfundisha kwamba mwanamume anayeulizia anakokaa msichana hatafuti anwani ya kumtumia barua.

"Sikiliza wewe. Ukimtaja tena yule mtoto, kwangu au kwa yeyote, nitakutia selo ya peke yako mpaka usahau rangi ya jua. Umenielewa?"

Fundi Viatu hakumtaja tena.

Binti mwenyewe alikuwa baraka tupu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, aliyejitolea kuja kila Ijumaa kuhudumia maktaba ya gereza, na hiyo maktaba ilikuwa stoo ya mablanketi yenye rafu tatu zilizopinda. Alipangusa vumbi, akagundisha majalada yaliyobanduka, akasukuma toroli la vitabu selo hadi selo. Wafungwa wakamwita Mwalimu. Wababe waliozoea kurushiana sahani walimsubiri wamekaa kitako, wamenawa nyuso.

Alitibu hata ugonjwa wa miaka mingi pale, vitabu kupotea. "Wanaoachiliwa wanaondoka navyo, afande," alisema. "Nikiwa na tarehe ya kutoka kwenye kadi ya kila mtu, nitakidai kitabu wiki moja kabla." Jambo jepesi hivyo, na hakuna aliyekuwa amelifikiria! Sajini alimnakilia tarehe zote kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo hakikupotea hata kijitabu.

"Mapenzi haya ya vitabu umeyatoa wapi, mwanangu?" alimuuliza siku moja.

"Kwa kaka yangu. Alikuwa akinisomea." Binti aliinamia kadi zake. "Alifariki nikiwa darasa la sita."

"Pole sana."

"Nimeshapoa, afande."

Kadi ya Fundi Viatu ilisema Ijumaa, tarehe ishirini na mbili. Alikuwa anamaliza miaka tisa kwa kumuua kijana mmoja kwenye ugomvi wa mpira. Wenzake wakikaribia siku hiyo huimba hadi wakere watu. Huyu alinyong'onyea. Chakula hakikupita. Toroli likisikika ushorobani, alisimama mgongo ukutani, amemkodolea macho binti wa watu mpaka apite. Kisha, zikiwa zimebaki siku tisa, alichana kitabu mbele ya askari, akakikanyaga, akanyoosha mikono atiwe pingu. Hilo lilipomletea onyo tu, alimwandikia mkuu wa gereza barua, akiomba aongezewe hata mwezi mmoja.

Askari wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Sajini hakucheka. Aliunganisha moja na moja, akaogopa kweli. Mtu huyu hataki kutoka kwa sababu binti yumo humu. Na akitoka Ijumaa, atatoka siku ile ile binti anapopita langoni peke yake na begi lake la mgongoni, kwenda kusubiri basi. Usiku ule kila alipofumba macho alimwona mwanawe wa kumzaa kwenye kile kituo.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa gereza, akamsihi hadi akakubaliwa. Fundi Viatu angetolewa Jumatano, siku mbili kabla, na asingeambiwa mtu. Hata mwenyewe angejua akishaamshwa.

Mmoja tu ndiye ambaye Sajini aliona ana haki ya kujua. Akampigia simu.

"Mwanangu, Jumatano usikanyage huku. Yule Fundi Viatu tunamtoa saa tatu asubuhi. Ukija Ijumaa, njia nyeupe."

"Saa tatu kamili, afande?"

"Kamili. Tahadhari kabla ya hatari."

"Ahsante sana. Wewe ni mzazi kweli."

Neno hilo lilimlainisha moyo Sajini, akatembea nalo siku nzima.

Jumatano Fundi Viatu alirudishiwa suruali yake ya zamani, nayo ikamning'inia kama gunia. Mlango mdogo wa lango ulipofunguliwa, alishika fremu kwa mikono miwili.

"Afande, umemwambia mtu?"

"Kama ni yeye unamtafuta, umekosa. Leo hayupo."

"Nisikilize mara moja tu, kisha unifanye unavyotaka. Yule binti ana sura ya yule kijana nili..."

"Nilikwambia usimtaje!" Sajini alimbandua vidole kimoja kimoja, akamsukuma nje, akabana komeo. Akainama kwenye kitundu cha mlango, ahakikishe mtu anakwenda zake.

Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kituo, Mwalimu aliinuka na kadi mkononi. Aliisoma, akamtazama Fundi Viatu, kisha akawageukia wanaume watatu waliokuwa wakishuka garini, akawaonyesha mtu wao kwa kidole, taratibu, kama alivyozoea kuwaonyesha wafungwa kitabu rafuni.