Kuni za Boma

Siku ya kufungua upya boma la mbao, Nyamizi alipewa kazi ya kuwapikia wageni pilau. Kuni aliletewa na mafundi: nguzo kuukuu walizoziong'oa wakasimamisha mpya.

Alipokuwa anasukuma moja chini ya sufuria, aliona alama ya mwezi mchanga uliokatwa na mstari. Ilikuwa chapa ya ng'ombe wa kwao. Enzi za Wazungu kila ukoo uliamriwa kuleta nguzo yake begani. Babu yake alianguka na hii njiani, hakuinuka tena. Ndugu zake walimzika hapo hapo, wakaifikisha nguzo, na kabla ya kuikabidhi wakaipiga chapa ili ijulikane ni ya nani.

Nyamizi aliivuta nje, akaizima kwa maji ya kuoshea mchele.

"Mama, mbona moto unalegea?" fundi mkuu aliuliza. "Wageni wameshaketi."

"Hii siichomi, fundi. Ni ya babu yangu."

Fundi akacheka. "Kumbe boma ni lenu. Ungesema mapema tuje kupiga hodi."

Kule uwanjani kipaza sauti kilikuwa kinawasifu Wazungu waliolijenga boma kwa mikono yao wenyewe. Watu wakapiga makofi.

"Chochea, mama, au nimwite mwingine."

Nyamizi akaikalia nguzo ingali ya moto. Kanga yake ikaanza kunuka kuungua, naye hakuinuka. Fundi akainama, akaokota shoka la kupasulia kuni.