Msumari wa Tyra

Tyra alikuwa ameshainua nyundo apigilie tasnifu yake ya udaktari kwa msumari ukutani mwa chuo, kama ilivyo desturi ya wahitimu Uswidi, simu ilipolia mfukoni.

"Gonga bwana, keki inatungoja!" wenzake wakamtania.

Ulikuwa ujumbe wa kompyuta ya maabara: hesabu aliyoiagiza jana imekamilika. Katika tasnifu, alihesabu kana kwamba kila jibu, la mgonjwa au la mzima, lilichukua muda uleule. Jana, wasiwasi ukimla, akaiagiza kompyuta irudie kwa muda ambao kila jibu lilichukua kweli. Sasa lile doa jekundu kwenye picha za ubongo, ugunduzi wake wote, halipo. Halikuwa ugonjwa; wagonjwa walichelewa tu kujibu kuliko wenye afya.

Akashusha nyundo. Akamwonyesha simu msimamizi wake wa tasnifu, aliyesimama kando.

Mzee akaitazama picha, akaizima simu, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Gonga, mwanangu," akanong'ona.